Samaki wa maji chumvi kutoka pwani hadi Moshi au Arusha: mfuko au ndoo, matone au mara moja?

Samaki wangu wa kwanza wa mapambo wa maji chumvi walifika Moshi kutoka Tanga wakiwa wazima kabisa. Walikuwa sita: klaunifishi wawili, damseli watatu weusi wenye madoa meupe, na kangaja mmoja mdogo. Niliwaua mwenyewe, sebuleni, kwa saa nzima ya uangalifu. Nilifungua mifuko, nikawamwaga kwenye beseni pamoja na maji yao, nikafunga mpira wa dripu na kuanza kuwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone ili wayazoee, kama kila mtu alivyonielekeza. Dakika ya arobaini kangaja akaanza kuhema juu juu. Kulipokucha walikuwa wamebaki klauni mmoja na damseli mmoja.

Maelekezo yale hayakuwa ya uongo. Yalimfaa mtu ambaye duka la samaki liko nusu saa kutoka kwake. Sisi huku samaki wetu wanatoka pwani, na pwani ni mbali: Tanga hadi Moshi ni kama kilomita 350, Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya 550, na mtu wa Arusha aongeze 80 juu ya hapo. Kwa hiyo siku hizi, kabla sijalinganisha chochote, nahesabu kwanza samaki atakaa mfukoni saa ngapi. Hesabu hiyo ndiyo inayonichagulia chombo na namna ya kumwingiza samaki majini akifika.

Basi, gari lako au ndege

Gari la kwako ndilo bora, na silisemi kwa kujivuna maana mimi mwenyewe huazima. Tanga hadi Moshi ni saa tano au sita ukienda kwa utulivu. Unaliweka boksi ndani penye kivuli, unasimama unapotaka, na ukichelewa unajua umechelewa kwa sababu gani.

Basi la mchana lina tatizo moja linaloitwa buti. Kuanzia Mombo, ukipita Hedaru hadi Same, barabara inapita kwenye tambarare kavu yenye jua kali, na buti ya basi inapata joto la jua pamoja na la injini. Samaki wa miamba wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 28. Wakifika 32 wanahitaji oksijeni zaidi wakati maji yenyewe yanashika oksijeni kidogo zaidi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mimi nikilazimika kupanda basi huchagua la usiku, na boksi nalipakata au naliweka miguuni. Konda atauliza kuna nini humo. Ukimwambia samaki atauliza kama wana barafu. Ukimwambia wako hai, abiria wote watageuka kukutazama, na kuanzia hapo hakuna atakayekanyaga boksi lako.

Ubaya wa usiku unaipata zaidi Arusha. Juni na Julai alfajiri inaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13, na mfuko wa lita mbili uliowekwa chini kwenye baridi hiyo hupoa upesi sana. Boksi la stairofomu lenye mfuniko linasaidia pande zote mbili, joto la Same na baridi ya Arusha. Ukishindwa kulipata, kisanduku cha plastiki cha kubebea soda baridi kinatosha, bila barafu bila shaka.

Ndege kutoka Dar es Salaam hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huruka kama saa moja, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Mfuko hauhesabu muda wa angani tu. Ulifungwa kabla ya kwenda uwanjani, ukasubiri kupokelewa, ukasubiri kupakiwa, ukashushwa, ukasubiri tena, halafu barabara ya kutoka KIA hadi nyumbani. Saa moja imekuwa tano au sita, sawasawa na gari kutoka Tanga, kwa gharama nyingine kabisa. Ndege ina maana ikiwa samaki unayemtaka yupo Dar au Zanzibar tu. Treni ya Dar hadi Arusha ni nzuri kwa binadamu, lakini inalala njiani, na samaki hawahitaji kulala njiani.

Kuna njia nyingine ambayo watu wa Moshi huitamani: Mombasa, kupitia Voi na Taveta hadi Holili. Ni kama kilomita 300, na pwani ya Kenya ina biashara ya siku nyingi ya samaki wa mapambo, kwa hiyo utakuta aina nyingi na wafungaji wenye mazoea. Tatizo ni mpaka. Samaki hai wanahitaji karatasi za nchi mbili, na karatasi ikikosa muhuri mmoja saa zinazidi kwenda huku mfuko ukiwa juani. Kama hujawahi kuvusha mifugo au mimea mpakani, usianze na samaki. Hata wa Tanga, ulizia ofisi ya uvuvi kuhusu kibali mapema, na farasi bahari waache kabisa. Wako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na isitoshe ni wagumu mno kulishwa na mtu anayeanza.

Mfuko wenye oksijeni dhidi ya ndoo yenye pampu

Hapa ndipo nilipojifunza mengi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na pampu ya hewa ya betri inaonekana ndiyo busara. Maji ni mengi, hewa inaingia, samaki anaonekana anaogelea. Mfuko, kwa upande wake, una lita moja au mbili tu za maji na juu yake oksijeni safi, theluthi moja maji na theluthi mbili gesi, umefungwa kabisa. Mtu yeyote akiulizwa angependa kusafiria kipi atataja ndoo.

Lakini samaki hutoa amonia, uchafu wenye sumu, kupitia matamvua yake muda wote, hata asipokula. Ndani ya mfuko uliofungwa anatoa pia kabonidioksidi, ambayo haina pa kutokea. Gesi hiyo inayeyuka majini, pH (kipimo cha uasidi wa maji, kadiri inavyoshuka ndivyo uasidi unavyozidi) inashuka kutoka 8.2 ya bahari hadi karibu na 7, na kwenye pH ya chini sehemu kubwa ya amonia hubadilika kuwa amoniamu, ambayo haina sumu kali. Uchafu wa samaki mwenyewe unamlinda na uchafu wake mwingine. Kwenye ndoo, pampu inaitoa kabonidioksidi yote, pH inabaki juu, na amonia inabaki kuwa sumu tangu saa ya kwanza. Kinachokuokoa kwenye ndoo ni wingi wa maji peke yake.

Kwa safari isiyozidi saa tatu, ndoo inafaa, na ni rahisi. Zaidi ya hapo nachagua mfuko. Hali pekee inayobadilisha uamuzi wangu ni gari la kwako ukiwa na madumu ya ziada ya maji safi ya bahari, kwa sababu unaweza kusimama Mombo na tena Same, ukamwaga nusu ya maji ya ndoo na kujaza mapya. Nimeona mtu akifanya hivyo na samaki mkubwa ambaye hakuenea mfuko wowote, naye alifika vizuri.

Ukichagua mfuko, mambo haya usimwachie muuzaji ayakumbuke:

Samaki asile kwa siku moja au mbili kabla ya kusafiri. Tumbo tupu ndilo maji safi.

Kila samaki na mfuko wake, na mfuko mmoja uwe ndani ya mwingine, na gazeti katikati. Gazeti linaleta giza, na samaki gizani hutulia. Kwa kangaja si hiari, kwani ana kiwembe kila upande wa shina la mkia, na mfuko mmoja mwembamba kwake ni karatasi tu. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kupata chochote sokoni. Hakikisha muuzaji ana nailoni nene za kufungashia.

Na mfuko usijazwe gesi hadi ukakazana kama mpira wa miguu. Hili sijamsikia muuzaji yeyote wa pwani akilitaja, kwa kuwa yeye yuko usawa wa bahari na anaona mfuko uliokazana ndio uliofungwa vizuri. Umewahi kuona pakiti ya krispu iliyonunuliwa Dar inavyovimba ikifika Arusha? Ndiyo hiyo hiyo. Moshi iko juu ya bahari kwa mita 800 na zaidi, Arusha kama mita 1,400. Gesi iliyofungwa Tanga hutanuka karibu asilimia 10 ikifika Moshi, na asilimia 17 au 18 ikifika Arusha. Kwa ndege ni zaidi, maana shinikizo la ndani ya ndege linaweza kuwa sawa na la kwenye mlima wa mita 2,400, na gesi ikatanuka kwa karibu theluthi moja. Kwa Moshi nauacha mfuko ulegee kidogo. Kwa Arusha ulegee zaidi, ubonyeke kwa kidole bila kukataa. Kwa ndege uwe umelegea hadi muuzaji akuulize kama una akili timamu.

Matone, kikombe, au kulinganisha chumvi na kumwingiza mara moja

Sasa umefika nyumbani. Kuna namna tatu, na kila moja ina watu wake wanaoiapia.

Matone ni ile iliyoniponza. Mpira wa dripu kutoka duka la dawa ni kifaa kizuri kweli, una kile kigurudumu cha kupunguzia, unaweza kuweka tone mbili au tatu kwa sekunde hadi maji ya beseni yawe mara mbili au tatu ya yalivyoanza. Inachukua dakika 45 hadi saa nzima. Kikombe ni matone ya mtu asiye na subira: mfuko unaelea tangini, unaufungua, unaongeza kikombe cha maji ya tangi kila baada ya dakika tano, mara tano au sita. Njia ya tatu ni kuandaa chombo cha kumpokea kikiwa na kiwango kile kile cha chumvi kama cha mfukoni, unauelesha mfuko tangini ukiwa bado umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha unaufungua na kumhamisha samaki mara moja, bila maji yake.

Kilichoua samaki wangu ni kufungua mfuko. Dakika ile unapoufungua, kabonidioksidi inatoka, pH inapanda, na amoniamu iliyokusanyika kwa saa saba inarudi kuwa amonia. Kutoka pH 7 hadi 8.2 sehemu yenye sumu huongezeka zaidi ya mara kumi. Na mimi nilikuwa naongeza maji ya tangi yenye pH ya juu, tone kwa tone, huku samaki wakiwa bado wamekaa kwenye maji yale yale. Nilikuwa nawapikia sumu kwa moto mdogo.

Kwa hiyo mimi huamua kwa saa. Samaki aliyekaa mfukoni chini ya saa mbili, matone hayana shida, amonia haijawa nyingi. Kati ya mbili na nne, kikombe, na haraka. Zaidi ya saa nne, na sisi wa huku karibu wote tuko hapo, nalinganisha chumvi na kumwingiza mara moja. Tofauti ya pH kati ya mfuko na tangi, ambayo wapenzi wa matone huiogopa sana, samaki huivumilia kuliko anavyovumilia saa nzima ndani ya amonia.

Chumvi ndiyo isiyovumilika, hasa kwa upande mmoja. Samaki wa baharini anapoteza maji mwilini muda wote kwa sababu bahari ina chumvi kuliko damu yake, ndiyo maana hunywa maji. Ukimtoa kwenye maji mepesi ukamtia ghafla kwenye mazito, unamkausha, na anaweza kufa siku ya pili au ya tatu wakati wewe umeshasahau safari. Kinyume chake, kutoka mazito kwenda mepesi kidogo, hakimsumbui sana. Hili lina maana kwa mnunuzi, maana wauzaji wengi huweka maji mepesi, refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi ya maji, ikisoma 1.019 au 1.020, ili kupunguza vimelea na kuokoa chumvi, wakati tangi la nyumbani ni 1.025. Basi mpigie muuzaji kabla hujatoka nyumbani: "Kaka, maji yako yanasoma ngapi leo?" Akishindwa kukujibu, nenda na refraktomita yako upime mwenyewe, umtumie ujumbe mtu wa nyumbani aandae beseni. Samaki akishakaa humo siku mbili tatu akala, unapandisha chumvi polepole, 0.001 au 0.002 kwa siku.

Kamba, konokono na nyota wa bahari wana sheria yao. Hawa hawawezi kurekebisha chumvi ya mwili kama samaki, wanafuata maji yalivyo, na mabadiliko ya ghafla yanawaua. Pia hawachafui maji kwa kasi ya samaki. Kwao matone ndiyo mwafaka, hata saa mbili, hata wakitoka mbali. Kwa hiyo ule mpira wa dripu usiutupe.

Zima taa ya tangi kabla ya yote haya. Na chakula acha hadi kesho yake.

Beseni la karantini au tangini moja kwa moja

Hapa sina ulinganisho wa haki, karantini inashinda. Ugonjwa wa madoa meupe unaletwa na kimelea kinachojishikiza kwenye ngozi, kikashiba, kikadondoka, kikajifungia chini kwenye mchanga na baadaye kutoa vimelea vingi vichanga. Mgeni anaweza kuonekana safi wiki nzima. Dawa inayoaminika ni ya shaba, na shaba inaua kamba na konokono, kwa hiyo ukishauingiza ugonjwa kwenye tangi kuu huwezi kuutibu humo. Wiki nne hadi sita kwenye tangi dogo la lita 40 au 60 lisilo na mchanga, lenye hita, filta ya sponji iliyokaa mwezi mzima tangi kuu, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Linganisha gharama hiyo na ya kuanza upya.

Tena ile njia ya kulinganisha chumvi haiwezekani bila tangi la pembeni. Huwezi kushusha chumvi ya tangi kuu kwa ajili ya wageni watatu.

Kwa mtu wa Arusha, nyongeza mbili. Hita ni lazima mwaka mzima, siyo Julai tu. Na kwa sababu ya mwinuko, maji yako yanashika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya Tanga yenye joto lile lile, kwa hiyo tikisa uso wa maji zaidi na usijaze samaki kwa hesabu za watu wa pwani. Ile pampu ya betri uliyonunulia ndoo iweke karibu, umeme ukikatika usiku ndiyo itakayokuamsha na habari njema.

Maji ya bahari kwa madumu au chumvi ya pakiti

Fupi tu. Maji ya bahari kutoka Tanga ni mazuri ukiyachota mbali na mdomo wa mto na mbali na bandari, na yanafaa safari ya kwanza kwa sababu unayaleta pamoja na samaki. Lakini kila ukitaka kubadilisha maji utasafiri? Chumvi ya akwariamu, gramu 35 na ushee kwa lita, inakufanya ujitegemee. Ya mezani haifai, haina kalisi wala magnesiamu ya kutosha. Maji ya kuchanganyia ndiyo kazi. Vyanzo vingi vya kuzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, hilo meno yetu yanashuhudia, na baadhi vinazidi kwa mbali miligramu 1.3 kwa lita iliyomo baharini kwenyewe. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi au yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba.

Mpwa wangu yuko Njiro, Arusha, na wiki iliyopita alileta klauni watatu kwa basi la usiku kutoka Tanga. Muuzaji alisema 1.021, beseni likaandaliwa 1.021. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita.

"Mjomba, shikamoo. Mifuko imevimba, imekazana kama itapasuka. Niifungue itoe hewa kidogo?"

"Marahaba. Usifungue. Uko wapi?"

"Stendi. Natafuta bodaboda."

"Chukua bajaji, boksi lisitikisike. Ukifika zima taa, mifuko ieleshe kwanza kama ilivyo."

Akaniambia baadaye aliifungua saa kumi na mbili na nusu, mmoja mmoja, kwa kikombe cha plastiki badala ya wavu. Maji ya mifuko akayamwaga chooni.